Koma

Umeme umekatika Isevya tangu magharibi.
Darasa la watu wazima tunasomea chemli
na tochi ya simu ya Kapela,
aliyeiegemeza kwenye chupa ya maji.

Ubaoni nimeandika who.
Mama Nyamizi, auzaye asali stesheni, anauliza:
"Huu? Huu nini, Mwalimu?
Huu mti, huu mkate, huu ugonjwa?"
Wanacheka, nami nacheka,
kisha nasema: huu ya Kiingereza ni ya watu tu,
haijawahi kugusa mti.
Mti, mkate, ugonjwa, hivyo ni wichi.
"Na mbwa?"
Mbwa inategemea unampenda kiasi gani.

Sisi kirejeshi tunakimeza.
Aliyekuja. Lililovunjika. Nilizokukopesha.
Kimo tumboni mwa kitenzi, silabi moja,
kama sarafu kwenye pindo la kanga.
Wao hukisimamisha mlangoni, neno zima,
kila apitaye akione.

Nikajaribu njia ya reli, maana Tabora nani haijui?
Nomino ni behewa, kishazi ni behewa la nyuma,
na ambaye ni chuma kinachoyashikanisha.
Kapela, aliyeunganisha mabehewa miaka kumi na moja,
akatikisa kichwa:
"Usikaze sana, Mwalimu. Acha nafasi kidogo.
Ukikaza, kwenye kona linaruka."
Sikujua sarufi ina kona wapi.

Tukafika kwenye koma.
Kamusi yangu, iliyopoteza jalada, ina koma tatu:
alama ya kupumulia;
acha, usirudie tena;
na mzimu wa mtu aliyekufa.
Ya tatu sikuwasomea.

Nikawaambia: kishazi kikizungushiwa koma mbili
ni nyongeza tu, kitoe, sentensi itasimama.
Kisipokuwa nazo, kinachagua.
Kaka yangu, ambaye yuko Mpanda, kaka ni mmoja.
Kaka yangu ambaye yuko Mpanda,
basi kuna mwingine, mahali pengine.

Zoezi: andika sentensi moja juu ya ndugu yako.

Shija, afuaye mashuka ya hospitali,
akaandika kwa Kiingereza chenye herufi za kuinama
kwamba kaka yake ambaye yuko Mpanda anatengeneza redio.
Koma hakuna.

"Shija, una kaka wangapi?"
"Aliye hai, mmoja."
"Basi weka koma."
"Siweki."

Kimya. Mende akapita juu ya daftari la mtu.

"Jina langu ni kishazi, Mwalimu.
Shija: mtoto aliyewafuata mapacha.
Si pacha. Mapacha.
Doto yuko Mpanda. Kulwa yuko Ndevelwa,
ng'ambo ya shamba letu la karanga, mwaka wa sita huu.
Nikiweka hizo koma zako mbili,
mimi nilimfuata nani?"

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, kofia imeshatoka.
Nikasahihisha neno redio, lililokosa herufi.
Pale penye nafasi
nikapaacha na nafasi yake.

Nilikuwa nafuta ubao, vumbi la chaki likipanda kwenye mwanga,
Mama Nyamizi akaniita kwa sauti ya chini,
kama anayeuliza bei ya dawa:
"Mwalimu. Na marehemu?
Ni huu, au ni wichi?"

Huu, nikasema.
Ni huu.