Punje Kumi na Tisa

Daktari wa Kajaani amesema kahawa basi.
Amesema kwa upole, akiutazama ukuta,
kama mtu anayempokonya mtoto kisu.
Mama yangu Lyyli, miaka themanini na minane,
vikombe saba kwa siku tangu aolewe,
alifunga vifungo vyote vya koti
na njia nzima, kilomita tisini za misonobari,
hakunena.

Basi nikamwendea Urho, mwenye msitu ng'ambo ya ziwa.
Kwetu matunda ya porini ni ya kila mtu,
lakini uyoga unaoota katika mti wa mtu
una mwenyewe.
"Chukua," akasema, "ila nitakuja kuonja."

Theluji ilinifika magotini.
Nikauona juu ya mbetula mzee:
donge jeusi kwenye gome jeupe,
kana kwamba mti ulipigwa ngumi hapo, damu ikavilia.
Nikaubandua kwa shoka.
Nje makaa matupu. Ndani rangi ya mbweha.

Siku nne ulikauka juu ya jiko la kuni.
Siku ya tano nikautia katika soksi ya marehemu baba,
ile ya sufu, yenye kiraka kisiginoni,
nikaupiga nyundo kizingitini.
Kinu cha mkono nikakibana kati ya mapaja;
kikakwama mara tatu.
Mara ya nne nikakitukana, kikasaga.

Maji yasichemke.
Yafike pale yanapoanza kunong'ona kandokando ya sufuria,
hapo hapo, punguza kuni, ngoja.
Mimi si mtu wa kungoja.
Nikaenda kuwatupia ndege mbegu, nikarudi,
nikapangua droo ya vijiko, nikaipanga upya.
Maji yakawa asali, yakawa kutu,
yakawa mto wakati wa mafuriko, na mwisho
usiku mtupu.

Mama alikuwa dirishani, amenipa kisogo.
Pua yake ndiyo iliyogeuka kwanza.
"Nani kakufundisha hiyo?"
"Saimi. Huko Helsinki wanainunua,
yuro thelathini kwa mkebe
usiozidi ule wa rangi ya viatu."

Akacheka, cheko la kwanza tangu Kajaani,
mpaka akashika ukingo wa meza.
"Yuro thelathini!
Mwaka wa arobaini na nne
sisi tulilia kwa sababu tulikuwa nayo."

Kisha akasimulia, si yote.
Mama yake akipakua kwa upawa, akisema, "Kahawa tayari,"
na watoto watano wakiitikia, "Ahsante kwa kahawa,"
hakuna aliyethubutu kucheka.
Buni ya kweli ilikuwamo nyumbani: punje kumi na tisa,
zimehesabiwa, ndani ya kikombe cha yai,
rafu ya juu kabisa,
zikimngoja baba atoke vitani.

"Akarudi?"
"Tulizisaga siku ya mazishi.
Watu arobaini, punje kumi na tisa.
Sehemu iliyobaki ya birika ilikuwa hii."

Nikammiminia.
Akapuliza, akaonja, akaushika mdomoni
kama anayesikiliza hatua za mtu ghorofani.
"Mbaya," akasema.
Akanywa tena.
"Ni ileile."

Halafu akainuka, fimbo mkononi, hadi kabatini,
akafungua kopo la unga wa shayiri, akazamisha mkono
hadi kiwiko, akaibuka na kifuko cha karatasi kilichokunjwa.
Harufu ilinifikia kabla ya aibu yake.
"Kijiko kimoja," akasema. "Cha chai. Bila mlima."
Akakichota, akakisawazisha kwa kidole,
akakitazama.
Akaongeza mlima.

Nje, Urho alikuwa tayari barazani,
akikung'uta theluji kwenye viatu vyake.
Mama akanivuta mkono wa sweta:
"Yeye mpe ile tupu."