Ubwiriunga

Kanda imefika Newala ndani ya kiroba cha salfa,
imefungwa kwa kamba ya katani, na kikaratasi juu:
*Asumini, fanya uwezavyo. Iwe mpya.*
Mwenyewe yuko Lindi, Bwana Likwati, mhasibu mstaafu,
ana kabati la mninga lenye kufuli mbili
na ndani yake katuni mia na kumi na nne
za watu wanaoruka bila mbawa.

Nafungua skrubu tano.
Ukungu mweupe umelala juu ya utepe
kama ubwiriunga juu ya ua la mkorosho.
Baba angejua la kufanya: angejifunga kitambaa puani,
angebeba bomba mgongoni,
angepuliza hadi shamba zima likohoe.
Mimi nina spiriti, pamba,
na subira ya mtu aliyekulia kwenye foleni ya maji.
Mita mia mbili na ushei, kidole kwa kidole.
Pamba inatoka nyeusi. Natupa. Nachukua nyingine.

Siku ya tatu picha ikaja.
Chenga kwanza, kama za mwisho wa gunia,
kisha paa la ghorofa, kisha yeye,
Radi Kavu, mikono kiunoni,
joho lake jekundu limevuja nje ya mstari
kama bibo lililokanyagwa.
Nikairudisha rangi ndani ya mpaka wake,
picha moja, picha moja,
umeme ukakatika mara nne,
mara ya nne nikamtukana mtu nisiyemjua.

Kisha nikapandisha sauti.

Hakikutoka Kiingereza.
Alitoka Chande Nakuchema,
mtafsiri wa banda la video nyuma ya soko,
kiingilio shilingi ishirini au kibaba cha korosho,
asiyejua neno hata moja la wale watu
na kwa hiyo akiwaelewa wote.

"Mnamwona huyu? Mjomba wake anakaa Kitangari.
Sasa anaruka, anaruka, anapita juu ya Shimo la Mungu,
msimwite jamani, mtamkwaza!
Na yule mwenye kichwa kama pipa
ndiye aliyemeza maji yetu.
Leo atatapika. Atatapika mpaka ndoo zote zijae."

Nyuma yake, kelele za banda.
Mtu anakohoa. Benchi linalia.
Na mtoto mmoja, sauti nyembamba kama uzi:
"Hata ndoo ya mama?"

Nikarudisha.
Nikarudisha tena.
Nilikuwa na miaka saba,
nimekalia ndala zangu zisiibwe.

"Ya mama yako kwanza," akasema Chande,
na Radi Kavu akapiga ngumi.

Likwati akapiga simu. Nikamweleza.
"Futa huyo mpiga kelele," akasema,
"sisi wakusanyaji tunataka asilia."
Nikamuuliza, asilia ya wapi?
Kimya. Kisha akasema mtandao unasumbua.

Sauti ya kwanza ipo, chini, kwenye njia ya pili ya utepe,
nzima, baridi, haina kikohozi.
Nimemtolea hiyo. Joho limetulia ndani ya mstari wake,
mbingu ni bluu ya siku ilipochorwa,
shujaa anasema alichoandikiwa kusema.
Kazi nzuri, nakiri. Amelipa nusu.

Ile nyingine sikuigusa.
Jana nilimwekea mama, nikamsogezea kiti karibu,
maana sikio lake la kushoto limechoka.
Alitazama hadi mwisho bila kucheka,
hadi pipa likapasuka na maji yakajaza kioo.
Nikangoja aseme jambo.

"Ndoo ile ya bati?" akauliza.
"Iliibwa mwaka ule ule.
Na huyo Chande namdai pishi mbili za mtama."