Mchora Upepo

Kwa Mama Riziki, Ndosho, tumetundika shuka ukutani;
jenereta inakohoa, filamu inaanza.
Mzee wa Kijapani, miwani puani, anachora jani.
Analifuta. Jani lilelile tena.
Siku nne, anasema mfasiri,
kwa upepo wa sekunde tatu.

Muhindo anacheka: "Siku nne!
Mimi ningeshusha chukudu nane za makaa Birere."
Kicheko kinamkauka mzee anaposema
upepo wenyewe hauchorwi,
huchorwa kile ulichokigusa.

Huo tunaujua.
Mazuku hatujauona hata siku moja;
tuliwaona mbuzi wa Kavira, wanne,
wamelala bondeni kama waliochoka tu.

Petroli ikaisha, penseli ikiwa bado hewani.
Watu wakadai pesa zao.

Asubuhi nikamkuta Muhindo amekaa juu ya jiwe la lava,
daftari la madeni ya makaa magotini,
pembeni mwa kila ukurasa mbuzi mmoja.
Akaziachia kurasa kwa kidole gumba:
mbuzi akainuka, akayumba,
akalala tena.

"Bado," akasema, akitafuta ufutio mfukoni.
"Miguu ya nyuma inadanganya."