Akiba ya Mshono

Riziki kaja tena dukani, Wete, nyuma ya soko,
kavua shati kabla sijamwambia.
Nikapitisha futi kifuani:
inchi thelathini na tatu, bapa kama meza yangu ya kukatia.

Miaka sita nyuma, mimi ndiye niliyemshonea
kanzu ya kwanza kumkaa sawa.
Alilia mbele ya kioo,
nami nikajifanya natafuta sindano.

Leo ataka blauzi. Si ya sasa, ya baadaye.
“Daktari kasema yawezekana,
lakini ngozi ilipunguzwa, chuchu zilihamishwa,
nyama ya ndani haimo.
Watatia kifuko kwanza, wakijaze maji
kidogo kidogo, wiki baada ya wiki,
mpaka ngozi ikubali.
Makovu yatabaki.”

Najua.
Kitambaa kilichokatwa bila akiba ya mshono
hakitanuki kwa kubembelezwa.
Ila viraka nimeviunga vingi, na watu wamekwenda navyo harusini.

“Wajuta?”
“Ile kanzu ninayo,” kanijibu, “naipiga pasi kila Idi.”

Nikachukua chaki,
nikaacha inchi mbili kila ubavu.
Daftarini nikaandika: Riziki, blauzi.
Penye kifua sijajaza.