Kanga ya Pili

Wakinipigia simu usiku hawanisalimu.
Wanataja mwalo tu: Kayenze. Igombe. Sweya.
Nami naamka, nakoka moto,
najaza chupa mbili za uji wa ulezi, sukari nyingi,
maana mtu aliyegoma kula huweza kunywa bila kujua.
Nakunja mkeka. Nachukua kanga mbili,
moja ya kujifunikia baridi ya alfajiri
na moja ambayo sisemi ni ya nini.

Leo ni Igombe. Mtumbwi wa dagaa, watu wanne.
Wawili wameogelea hadi kwenye mawe.
Mke wa mmoja wa waliobaki amesimama majini,
maji magotini, Nyanjige jina lake,
anapiga na kupiga namba iliyoko chini ya ziwa.

Sikumwambia pole. Pole alishapewa nyingi,
zimerundikana pale mchangani kama nyavu mbovu.
Nilimwambia, usivue ndala, saa sita mawe haya yanaunguza.
Nilimwambia, shati lake lilikuwa rangi gani?
Liandike sasa hivi. Kesho utababaika,
keshokutwa utaapa lilikuwa jeupe.
Wazamiaji wakirudi mikono mitupu usiwachukie,
mmoja wao hatalala.
Na kila kitu cheusi kinachoelea kule mbali
usikihesabu. Mimi nilihesabu. Haisaidii.

Akanigeukia: "Wewe umejuaje?"

Mwaka wa kumi na moja huu. Tungaraza wangu
aliondoka Kirumba na injini ya kuazima,
akaniachia ada ya mtoto na ugomvi tuliokatiza katikati.
Nikakaa siku ya kwanza. Nikakaa ya tatu,
ya tatu ndiyo ziwa hurudisha, walisema.
Ya tisa magugu maji yakasogea, yakaziba ghuba nzima,
nikayatazama kama mtu anayetazama pazia,
nikingoja lifunuliwe.
Watu walikuja na maombi, na mashauri, na bahasha.
Hakuna aliyekuja na kitu cha kukalia.

Nisikudanganye, Nyanjige, kwa kuwa una huzuni:
mara ya kwanza nilipokwenda kwa mgeni
haikuwa huruma.
Nilisikia kuna mwili umeonekana Kayenze,
nikapanda bodaboda, moyo unanitangulia,
nikijua ni wangu.
Hakuwa wangu. Alikuwa kijana wa Mama Ng'wasi,
na mama mwenyewe alikuwa peke yake, anatetemeka,
hana hata cha kumfunika mwanawe,
na mimi, kwa ajili ya Tungaraza, nilikuwa na kanga mbili.

Basi. Ndivyo kazi hii ilivyoniokota.
Haina mshahara wala kiti wala mhuri.
Ila tangu siku ile, nikiamka,
najua miguu yangu ni ya nini.

Akanywa uji. Nusu kikombe, kisha kikombe.
Jua likapanda juu ya mawe, harufu ya dagaa ikaamka.
Akauliza kama wangu alipatikana.
Nikasema hapana.

Hakusema pole.
Alijisogeza, akanigawia nusu ya mkeka,
mkeka ambao ni wangu.
Kule kwenye mawe injini ya wazamiaji ikakohoa, ikawaka.
Tulikuwa wawili,
tunasubiri wawili.