Nusu Kikombe

Ilianza na ndoo.
Mama alipanda kutoka kisimani Ifwagi na maji nusu,
bega limelowa, kanga imelowa,
akasema njia imeota mawe.
Njia ile ile ya miaka arobaini.

Kisha vifungo. Kisha uzi na tundu la sindano
vikakataa kuonana.
Kwenye mzani wa chai karani akaandika kilo tisa
za mtu aliyezoea kuleta thelathini,
na ndani yake vijiti.

Ulimi nao ukawa mzito, "kamwene" yake
ikafika mlangoni kwa majirani vipande viwili.
Ilikuwa masika, mianzi inatona,
na mwanamke anayeyumba masika huku kwetu Mufindi
hahitaji kupimwa, ana jina tayari:
"Mama Tulinave kaanza ulanzi ukubwani."
Mimi mwanawe nilimwinamia usiku, amelala,
nikanusa kinywa chake.
Naliweka hapa lisije likanipotea:
nilinusa.

Iringa walipiga picha ya kichwa, wakakuta kichwa kizima.
Mbeya, daktari kijana, Mwaisumo,
akaacha kichwa, akataka tumbo.
Kwenye kifuko cha mayai, saratani,
changa, kama punje ya njegere.

"Mna mbwa nyumbani?"
Tunaye. Msumari.
"Mwizi akija amevaa koti kama la mzee wako,
Msumari atamrarua. Vizuri.
Kesho yake mzee anatoka na koti lake mwenyewe..."
Hakumaliza. Nilikwisha kumwona Msumari
kisogoni mwa mama, chini ya fuvu,
pale mwili unapoweka mizani yake,
akitafuna kwa uaminifu.

Punje waliitoa. Mbwa wakamfunga kwa dripu,
chupa baada ya chupa.
Kilichokwisha kutafunwa, daktari alisema, hakioti tena;
tumewahi kilichobaki.

Sasa mama anatembea na ukuta.
Toka kitandani hadi jikoni
ukuta una njia nyeusi ya viganja.
Chai anataka nusu kikombe,
nusu nyingine, anasema, ni ya sakafu.

Jana akaniita, maneno yakija moja moja
kama watu wanaovuka gogo:
"Huo ulanzi. Sijawahi kuuonja.
Niletee. Nijue nilisingiziwa nini."

Nikashuka mianzini na kopo.
Nikapanda nalo kwenye utelezi, nikiyumba,
jirani akinichungulia dirishani.
Nilifika na nusu.