Ulimi wa Zebaki

Daktari Hribernik aliniuliza mara mbili
kama nafuga mnyama.
Mara mbili nikasema: Sina.
Goti lilikuwa limeumuka kama unga uliozidishwa hamira,
jekundu, lina joto la kukaushia soksi,
na ndani yake ile chuma na plastiki
ambayo Aprili waliniambia itaishi kuliko mimi.

Mimi ni msuka lesi wa Idrija.
Miaka hamsini na miwili vijiti vya uzi
vimegongana vidoleni mwangu; mshono naujua.
Wa kwake ulikuwa na pini ishirini na sita, nilizihesabu,
na pale chini, karibu na ya mwisho,
palibaki tundu la kupita sindano.
Sindano haikupita.
Ulipita ulimi.

Lojze ndiye aliyempa jina, Zebaki,
kwa rangi yake, na kwa kuponyoka mikononi
kama kile alichokichimba ardhini hadi mapafu yakakataa.
Lojze alikufa Februari. Paka akahamia upande wake wa kitanda.
Usiku wa tisa baada ya upasuaji
alinilamba goti, polepole, kwa ule msasa wake,
nami nikamwacha.
Nani mwingine alikuwa ameligusa bila glovu?

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wasemao.
Changu kilikuwa mapajani, kinakoroma.

Wakachota usaha, wakaupeleka maabara.
Kesho yake daktari akaja na karatasi,
akaketi kitandani, jambo ambalo madaktari hawalifanyi.
"Bibi Marjeta, bakteria huyu ni adimu magotini.
Makao yake ni kinywani mwa paka."
Dripu ikadondoka. Tone. Tone.
"Ana umri gani?" akauliza.
"Kumi na minne," nikasema.

Walilitoa. Mahali pake wakaweka saruji yenye dawa;
wiki sita mguu haukunjiki,
umesahau ngazi, umesahau mteremko wa kanisani.
Jirani yangu Pavla akamlisha, akalalamikia manyoya.

Sasa nina goti la tatu, ukihesabu la kuzaliwa.
Nimelifunga bendeji, suruali juu yake,
blanketi juu ya suruali,
na mlango wa chumba nimeurudishia.
Nje kuna mkwaruzo.
Nasuka. Nimekosea uzi mara nne.
Sijafungua.
Wala sijaenda kulala.